Mbao Hunenepa, Hairefuki: Shajara ya Kamera ya Mninga

Jumapili, 2 Februari 2025. Magomeni, Mtwara

Leo nimevitandaza vyote juu ya mkeka nione kama vinaweza kuwa kitu kimoja. Lenzi ni Novar-Anastigmat ya Zeiss Ikon, umbali wake wa kulenga milimita 105, tundu lake kubwa kabisa f/4.5, bado imeshikana na shata yake, ule mlango mdogo unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Ilitoka kwenye Nettar ya kukunja ya marehemu babu. Mwili wa kamera hiyo uliliwa na kutu, na ngozi yake ya kukunjuka ilikwisha kabla sijazaliwa. Kuna boksi la Kodak, Six-20 Brownie, ambalo mjomba alilikuta darini akaniletea. Shata yake imeganda na lenzi yake ni kipande kimoja tu cha kioo, ila ufunguo wa kuzungushia mkanda wa picha na springi za kushikia spuli, kile kigurudumu kinachoviringishiwa mkanda, ni vizima. Kuna vyuma viwili vya mviringo vya printa iliyokufa, na bamba la alumini la redio kaseti. Na kuna picha moja.

Picha hiyo ndiyo iliyoanzisha haya. Babu na bibi wamekaa barazani Mikindani, mlango wa nakshi nyuma yao. Ukubwa wake ni kama kiganja cha mtoto. Kwa miaka mingi nilidhani iko hivyo kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Kumbe haikukuzwa kabisa: negatifu ililazwa moja kwa moja juu ya karatasi, ikamulikwa. Ndiyo maana ukiisogeza karibu na jicho unaweza kuhesabu misumari ya mlango.

Mkanda uliopiga picha ile bado unatengenezwa. Ni wa 120, Kodak waliutoa mwaka 1901, una upana wa kama milimita 61, na ukiupiga kwa vipimo vya babu unapata picha nane tu, kila moja takribani milimita 56 kwa 84. Nataka kamera itakayotoa picha ya ukubwa uleule, kwa lenzi ileile, katika mji uleule. Kamera nzima ya kununua ningeweza kuagiza Dar es Salaam au nje. Lakini lenzi ya babu ipo, na sioni kwa nini ikae kwenye kopo la biskuti.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki mbili zimeishia kwenye shata. Ilikuwa inafunguka kisha inabaki wazi, kwa sababu mafuta ya zamani yamekuwa gundi. Dawa yake si mafuta mapya. Niliiosha kwa petroli safi ya viberiti, tone kwa tone, kwa brashi ya rangi za maji, nikaiacha ikauke, nikarudia mara nne mpaka majani yake yakaanza kucheza bila kushikana. Kwenye lenzi kulikuwa na kuvu, ile mizizi myeupe ambayo kila mwenye vioo hapa pwani anaijua. Dawa ya peroksaidi ya duka la dawa imeitoa karibu yote. Pembeni imebaki alama ndogo iliyokula kioo, nayo nimeiacha. Sasa lenzi inalala ndani ya kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kila baada ya wiki chache nitavikausha kwenye kikaango.

Kupima spidi kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Fundi simu wa jirani alikata waya wa maiki ya earphone akauungia kijibamba cha jua cha kikokotoo kibovu. Kijibamba kinakaa nyuma ya lenzi, taa mbele, simu inarekodi "sauti". Shata ikifunguka wimbi linaruka, ikifunga linaruka tena, na umbali kati ya miruko miwili ndio muda wenyewe. Pete ya spidi inasema 1/100 ya sekunde, wimbi linasema milisekunde 17, yaani karibu 1/60. Palipoandikwa 1/175 napata kama 1/95. Palipoandikwa 1/25 ni 1/21, karibu sawa.

Nilipiga kila spidi mara kumi. Zote zinachelewa, ila kila moja inachelewa kwa kiasi kilekile, na hilo ndilo la muhimu. Shata ya namna hii unaifahamu tu, huhitaji kuirekebisha. Nimeandika namba za kweli kwenye kikaratasi kitakachobandikwa juu ya kamera. Kwa jua la mchana la Mtwara na mkanda wa ISO 100, yaani kipimo cha wepesi wake kwa mwanga, kanuni ya wazee wa kazi ni f/16 kwa 1/100. Kwa hiyo yangu, inayokaa wazi zaidi, itakuwa f/22, tundu dogo zaidi, kwenye alama ya 100.

Jumamosi, 8 Machi. Chikongola

Ni Ramadhani, na Fundi, seremala atakayenitengenezea mwili wa kamera, hafanyi kazi ya randa mchana akiwa amefunga. Tunakutana baada ya tarawehe, taa moja juu ya benchi, vumbi la mninga likinukia.

Siku ya kwanza nilipomwendea nilikuwa na michoro mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka sanduku la kuwekea nini?"

"La kuwekea giza, mzee."

Alinyamaza kidogo, akaichukua michoro yangu na kuigeuza. "Basi pembe zisigusane tu. Tutazikatia ulimi na mfereji." Hakuhitaji maelezo zaidi. Mwanga ukipita kwenye ufa ulionyooka unaingia, lakini ukikutana na kona mbili zilizopakwa rangi nyeusi unafia njiani. Mifuniko ya kamera za kiwandani hufungwa kwa akili hiyohiyo.

Mninga ni wa kipande alichobakiza kwenye kitanda cha mteja, kikavu, kimekaa chini ya bati miaka kadhaa. Nilichagua mwenyewe mishipa ya mbao isimame wima pande zote ili rangi izunguke sanduku bila kukatika. Inapendeza sana. Ndani tumepaka rangi ya ubao wa shule, na sijaona nyeusi nyingine ya bei hiyo isiyong'aa namna ile. Fundi cherehani amenipa mabaki ya mahameli kwa ajili ya mdomo wa mfuniko.

Vyuma vya printa vimekuwa roli mbili za kupitishia mkanda, moja kila upande wa dirisha la picha. Bamba la redio kaseti nimelisugua kwa msasa wa maji juu ya kioo mpaka likawa sawa, na nyuma yake nimeweka springi nne za kalamu zilizokatwa, zilisukume mkanda ulale. Ufunguo wa Brownie ulinisumbua. Kodak walitoa spuli ya 620 miaka ya 1930 yenye mkanda wa upana uleule wa 120 lakini mhimili mwembamba, na ufunguo wake ukawa mdogo. Kwenye spuli ya 120 unateleza. Nimeuongezea kipande cha shaba na kukichonga kwa tupa. Sasa unashika.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa, siku ya kutafuta umbali.

Kamera yoyote, ukiivua kila kitu, ni umbali mmoja unaotunzwa gizani: kutoka lenzi hadi mkanda. Ukikosea, hakuna kitakachokuokoa. Lenzi hii inalengwa kwa kuzungusha kioo chake cha mbele, kwa hiyo mwili haunyooki wala haurudi nyuma. Ninachotakiwa ni kuiweka pale ambapo pete ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa, vitu vya mbali kabisa vinakuwa vikali. Tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, f/4.5, naruhusiwa kukosea kama robo ya milimita, mbele au nyuma.

Kioo cha ukungu cha kulengea nilikitengeneza kwa kipande cha kioo cha fremu na pesti ya kusagia valvu ya gereji ya jirani. Unaweka pesti na matone ya maji kati ya vioo viwili, unazungusha bila haraka kama dakika ishirini. Nilikilaza mahali mkanda utakapokaa, upande uliosagwa ukitazama lenzi, tukaenda na binamu yangu hadi ufukwe wa Shangani, tukajifunika kitenge cha dada yake. Meli ilikuwa imetia nanga mbali. Ilionekana kichwa chini, ndogo, na nyaya zake zote.

Nilianza na mwili mfupi kidogo kwa makusudi, kisha nikawa naweka vipande vya bati la kopo la soda chini ya ubao wa lenzi. Bati hilo lina unene wa kama milimita 0.1, na kwa kazi hii ni zuri kuliko karatasi kwa sababu halibonyei. Vipande vitatu, meli ikawa kali. Vinne, ikaanza kulainika. Nikarudi vitatu, nikakaza skrubu. Kutoka ubao wa lenzi hadi mkanda kalipa, kile chombo cha kupimia umbali mdogo, inasoma milimita 98.6.

Kitazamio ni fremu ya spoki za baiskeli, 56 kwa 84, milimita 105 mbele ya tundu la jicho. Ukiweka fremu ya ukubwa wa picha kwenye umbali wa lenzi, unaona kile ambacho mkanda utaona. Hakuna kioo ndani yake.

Jumapili, 6 Aprili

Idi imepita, mkanda wa kwanza umepigwa na umesafishwa. Nitaeleza usafishaji kwa kirefu, kwa sababu wengi hudhani hapo ndipo mtu wa Mtwara anapokwama.

Mkanda wa nyeusi na nyeupe unaweza kusafishwa kwa kahawa. Njia hii ilitokana na darasa la kemia ya picha la Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995. Kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, nyuzi 20, dakika 15. Tanki langu linachukua nusu lita, kwa hiyo nusu ya kila kitu.

Kahawa nimetumia Africafe ya Bukoba. Wanaotumia njia hii husema robusta inafanya kazi vizuri kuliko arabika, na Kagera ndiko robusta inakotoka. Vitamini C ni vidonge 16 vya miligramu 500, nimevitwanga na kuchuja kwa kitambaa. Sodiamu kaboneti ndiyo iliyonipeleka sokoni, kwa kina mama wanaouza magadi.

Magadi ya kulainishia maharage ni kaboneti na baikaboneti pamoja, na maji ndani yake. Kwa mkanda baikaboneti ni tatizo kwa sababu inapunguza ukali. Lakini moto unaibadilisha: inatoa maji na hewa ya ukaa, inabaki kaboneti. Niliyayeyusha magadi kwanza, nikayaacha usiku kucha mchanga utuame, nikachuja maji ya juu, nikayachemsha mpaka yakauke, kisha nikakaanga unga wake zaidi ya saa nzima kwenye kikaango cha chuma. Gramu 100 za magadi makavu na safi zinabaki kama 70. Mama alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, chakula gani hicho kisichonukia?" Nikamwambia ni cha picha. Akasema nikimaliza nimrudishie kikaango kikiwa cheupe.

Maji ya bomba leo yalikuwa nyuzi 29. Kwa joto hilo kila kitu kinakimbia na utando wa mkanda unalainika. Barafu ya mifuko kwa jirani, beseni, tanki katikati, kipimajoto ndani. Dawa ya kukazia picha isiharibiwe tena na mwanga, yaani sodiamu thiosulfeti, niliagiza duka la kemikali za maabara Dar, ikaja na basi pamoja na mikanda mitano ya Fomapan 100. Ndicho kitu pekee katika usafishaji ambacho sijakipata hapa.

Negatifu zimetoka! Zina wingu la kahawa kidogo, lakini zina weusi wa kweli. Ila zimepandana. Kila picha imelala juu ya mkia wa iliyotangulia, kama robo yake. Sababu niliijua hata kabla mkanda haujakauka. Nyuma ya karatasi ya mkanda wa 120 kuna safu tatu za namba: ya katikati ni ya picha 12 za mraba, za pembeni ni za picha 16 na za picha 8. Mimi nilitoboa dirisha jekundu la kusomea namba hizo katikati, kwa sababu katikati palipendeza. Nilikuwa nahesabu za mraba huku napiga ndefu.

Nimeziba tundu kwa kigingi cha mpingo nilichopewa na mchongaji mmoja wa Kimakonde, nikatoboa jipya pembeni kwa kupimia karatasi halisi ya mkanda. Kioo chake chekundu ni kipande cha taa ya nyuma ya pikipiki, na nimekiwekea kifuniko cha kuteleza, maana mkanda huu unaona nyekundu pia. Kifuniko kinafunguliwa wakati wa kuzungusha tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, na mvua imekuwa ya mfululizo wiki hizi. Mkanda wa pili niliupiga Mikindani jana alfajiri, mawingu yalipoachia. Picha nane, zote zimetengana vizuri. Nilipiga makusudi tundu likiwa wazi, f/4.5, pete kwenye alama ya mbali, maana tundu dogo huficha makosa na mimi nilitaka kuyaona.

Nimeyaona. Ghuba ni laini. Mitumbwi ya mbali ni laini. Upande wa pili wa maji, laini. Lakini kuna mnazi mmoja kulia ambao naweza kuhesabu makovu ya shina lake. Mchana nimerudi Mikindani na futi ya fundi ujenzi, nikapima kutoka niliposimama: mita 27 na kitu.

Hesabu yake ni fupi. Kwa lenzi ya 105, ili kitu kilicho mita 27 kiwe kikali, lenzi inatakiwa iwe mbele kwa 105 mara 105 gawanya kwa 27,000, yaani milimita 0.4. Pete ilikuwa kwenye alama ya mbali. Kwa hiyo lenzi yangu imesogea mbele 0.4 peke yake. Kalipa imekubali: 99.0. Skrubu zote zimekaza. Vipande vya bati ni vitatu vilevile.

Jioni nzima nimekaa na sanduku hili mapajani. Sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 17 Mei

Fundi alikuwa amesafiri Newala kwa msiba. Amerudi jana, na leo nimempelekea sanduku na namba zangu. Hakutazama namba. Alipitisha kidole gumba kwenye ubavu wa sanduku, kutoka nyuma kwenda mbele, akakatisha mishipa ya mbao.

"Mishipa hii ulitaka isimame wima?"

"Ndiyo, mzee. Kwa ajili ya uzuri."

"Mwanangu, mbao hunenepa, hairefuki."

Akaniletea ubao wa mlango alioukata kabla ya mvua. Urefu wake, sawa na alama ya penseli. Upana wake umepita alama. Ubao unakunywa unyevu na kuvimba kukata mishipa. Kufuata mishipa karibu hausogei. Yeye anajua hivyo kwa milango yote inayogoma kufunga masika na kulegea kiangazi. Mimi umbali wangu wa 98.6 niliuweka upande unaonenepa. Sanduku lilikauka chini ya bati, nikalipima likiwa kavu, kisha likakaa mwezi mzima chumbani kwangu karibu na dirisha wakati wa mvua. Kuvimba 0.4 kwenye 98 ni chini ya nusu ya asilimia. Kwa kitanda si kitu.

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya lenzi, shata na kemikali. Jambo lililoshika kila kitu lilikuwa ndani ya ubao, na aliyelijua alikuwa amekaa mbele yangu usiku ule wa kwanza, mimi nikiwa ndiye ninayechagua upande wa mishipa.

Jumamosi, 14 Juni

Mwili mpya umekamilika. Mbavu nne zimekatwa fupi, mishipa ikitoka kwenye mkanda kwenda kwenye lenzi. Sasa upande wa juu na chini ndio unaoweza kunenepa, na huko hakuna kinachonihusu: sanduku likiongezeka nusu milimita kwa kimo, mkanda hautajua. Rangi haizunguki tena, kila pembe inakatika. Nimeizoea.

Vitu vingine vyote vimehama kutoka mwili wa zamani. Nimeweka tochi ya simu ndani ya sanduku chumbani usiku nikazunguka nalo nusu saa. Palikuwa na nukta moja ya mwanga kwenye ufunguo wa kuzungushia, nikaiziba kwa kipete cha mahameli. Shangani hapakuwa na meli, nikalengea taa za bandari. Vipande viwili vya bati. 98.6.

Kisha nimefanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo: nimelifunga sanduku siku sita kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambaa kilicholowa. Kimo kimeongezeka 0.3. Umbali wa lenzi, 98.6. Nimeuandika kwa penseli ndani ya mfuniko.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mkanda wa tatu niliupiga juzi, na jana usiku nimetoa picha ya kwanza ya karatasi. Taa ya chumba cha giza ni ileile ya nyuma ya pikipiki, iliyobaki baada ya kukata dirisha. Negatifu juu ya karatasi, kioo juu yake, tochi ya simu sekunde tatu, kisha kahawa. Kahawa imeiachia karatasi rangi ya chai hafifu.

Ya barazani Mikindani na bibi bado, tutakwenda Ijumaa miguu yake ikiruhusu. Hii ni ya Fundi mwenyewe, mita mbili, amesimama karakanani na mbao zimeegemezwa ukutani nyuma yake. Saa nne asubuhi nimeipeleka Chikongola ndani ya bahasha. Aliitoa, akasogea mlangoni penye mwanga, akaishika mbali, kisha akaileta karibu kabisa na jicho. Hakusema lolote juu ya uso wake.

"Hii ya kushoto," akasema, kucha yake ikiwa juu ya ubao usiozidi upana wa njiti ya kiberiti, "hii si mninga. Hii ni mkongo. Nilidhani nimeshauuza."

Akaingia ndani kuutafuta.